Si Kila Giza ni Mtoto wa Jicho

Mzee wa Garsen akianza kupapasa mlango au kumimina chai nje ya kikombe, hukumu ya nyumbani huwa imeshatoka: ni mtoto wa jicho, asubiri kambi ya macho ije apasuliwe. Mara nyingi hukumu hiyo ni sahihi. Lakini wapo wazee wanaosubiri kambi miezi na miezi, wakifika mbele ya daktari wanaambiwa lenzi yao haina neno. Kilichoharibika kiko nyuma ya jicho, na huko upasuaji wa kambi haufiki. Mwongozo huu ni wa hao, na zaidi ni wa watoto wao waliovuka miaka 40, ambao bado wana nafasi ya kuzuia.

Kwanza jua tofauti. Mtoto wa jicho huja polepole, kama ukungu ulioenea kote, na ukikomaa weupe wake unaonekana katikati ya mboni. Ugonjwa wa mishipa ya nyuma ya jicho hauonekani kwa nje. Jicho linang'aa, haliumi, halitoi machozi, halina wekundu. Mgonjwa anaweza kuwa anasoma gazeti vizuri huku mishipa imeanza kuvuja, na siku atakayogundua, ugonjwa una miaka.

Huko nyuma kuna utando uitwao retina, mwembamba usiofika hata nusu milimita. Ndio unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo. Kazi hiyo ina gharama: ukilinganisha kwa uzito, retina hutumia oksijeni nyingi kuliko karibu kiungo kingine chochote cha mwili. Damu huifikia kwa njia mbili, mshipa unaoingia pamoja na neva ya jicho na kutawanyika juu ya utando, na tabaka nene la mishipa lililotandazwa chini yake.

Oksijeni hiyo hiyo inayoilisha ndiyo inayoichakaza. Seli zinapoitumia kutengeneza nguvu, kiasi kidogo huponyoka kikiwa kimegeuka kuwa radikali huru, yaani molekuli iliyopungukiwa elektroni na inayomnyang'anya jirani yake yeyote: mafuta ya ukuta wa seli, protini, hata vinasaba. Ni jamaa wa karibu wa kutu inayokula mabati ya Kipini kwa upepo wa bahari. Mwili wa kijana una vimeng'enya vya kuzima radikali hizo na mafundi wa kurekebisha zilichoharibu. Umri ukisonga, uzalishaji wake huongezeka na mafundi hupungua, na deni hilo ndilo wataalamu wanaloliita msongo wa oksidisheni. Mwaka 1956 mwanasayansi wa Marekani, Denham Harman, alidai kwamba uzee wote chanzo chake ni radikali hizi. Leo wengi wanaona alizidisha. Kwenye mishipa ya jicho, hata hivyo, alama zake zinaonekana wazi.

Tazama mshipa mmoja kwa karibu. Ngozi yake ya ndani hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, inayouambia mshipa ulegee damu ipite. Radikali huikamata gesi hiyo kabla haijafanya kazi, kwa hiyo mshipa hukakamaa na kuwa mwembamba. Nje ya mishipa midogo kabisa kuna seli za kuishikilia, perisaiti, na retina imejaliwa nyingi kuliko sehemu nyingi za mwili. Sukari ikikaa juu, hizo ndizo miongoni mwa za kwanza kufa. Ukuta ulioachwa bila mshikaji hututumka vinundu vidogo vyekundu, kisha huvuja maji na mafuta, kisha damu. Mishipa mingine huziba kabisa. Eneo lililonyimwa damu hutoa ishara ya kuomba mishipa mipya, nayo huota kweli, lakini huota dhaifu na mahali pasipofaa. Ikipasuka, jicho hujaa damu ndani.

Kuna ajali nyingine ya uzee inayowashangaza watu. Kwenye retina, ateri na vena hupishana, na mahali zinapopishana huvishwa ala moja. Ateri ikiwa imekakamaa kwa miaka ya presha, huikandamiza vena iliyo chini yake mpaka damu iliyomo inaganda. Mtu analala mzima, anaamka jicho moja limeingia giza. Nyumbani watasema amerogwa au amepigwa na upepo mbaya. Daktari akimulika ataona mstari wa damu unaoanzia palepale kwenye njia panda.

Kumulika huko kuliwezekana tangu Mjerumani Hermann von Helmholtz atengeneze kifaa chake mwaka 1851, na mpaka leo retina ni miongoni mwa mahali pachache daktari anapoweza kuitazama mishipa ya damu ikifanya kazi bila kumpasua mtu. Kwa hiyo anayekagua jicho lako anapata fununu ya hali ya figo na ubongo pia. Akikuambia mishipa imebanwa, usiishie kuuliza miwani.

Uzee hatuuzuii. Tunachoweza kuzuia ni vile vinavyouharakisha, na vikubwa ni vitatu: presha, sukari na tumbaku. Kila kimoja huongeza radikali kwenye ukuta uleule wa mshipa. Katika miaka ya 2007 na 2008, timu ya watafiti iliwapima macho watu 4,414 wa Nakuru wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Kati ya waliokuwa na kisukari, zaidi ya thuluthi moja tayari walikuwa na mishipa ya retina iliyoharibika. Nakuru si Tana River, lakini sukari haina kabila.

Anza na vipimo vya hapa hapa

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani. Leo kisingizio kimepungua. Tangu Septemba 2023 serikali ilipowapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yao, mashine ya presha na kipimo cha sukari vimo ndani. Mhudumu wa kijiji chako, iwe Idsowe, Wema au Tarasaa, ndiye wa kwanza kumwendea. Kama kifaa chake kimeharibika au vijiti vya kupimia sukari vimekwisha, nenda kituo cha afya cha Garsen au hospitali ya Ngao.

Namna ya kupimwa ina maana yake. Nusu saa kabla usivute sigara, usitafune muguka, usinywe kahawa. Kojoa kwanza. Kaa dakika tano mgongo umeegemea, nyayo mbili chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze kanda inapobana. Aliyetoka kukimbizana na mbuzi juani akapimwa amesimama atapata namba ya uongo. Ikitoka 140 juu ya 90 au zaidi, rudia siku nyingine. Ikirudi hivyo tena, hiyo ni presha, na dawa yake ni ya kila siku, si ya siku kichwa kinapouma. Presha nyingi hazimuumizi mtu kichwa kabisa.

Ukiwa na kisukari, presha ndiyo ya kushikwa kwanza, tofauti na watu wanavyodhani. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta kwamba wagonjwa wa kisukari waliodhibitiwa presha kwa ukali walipunguza kuendelea kwa ugonjwa wa retina kwa kiasi cha thuluthi moja. Vidonge vya presha ni vya bei nafuu. Sijui dawa nyingine ya macho inayofikia faida hiyo kwa gharama hiyo, na wala haitiwi machoni.

Kuhusu sukari, kipimo cha kidole kinakuambia hali ya leo tu. Uliza kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, kwa sababu mishipa huharibiwa na miezi, si na asubuhi moja. Na kama sukari yako imekuwa juu kwa miaka na sasa unaanza insulini, omba macho yakaguliwe kwanza: sukari ikishuka kwa ghafla, retina iliyokwisha kuumia huweza kuzidi kwa muda kabla ya kutulia. Hiyo si sababu ya kukataa insulini. Ni sababu ya kukaguliwa.

Daftari la hesabu

Kifaa kizuri cha kujipima nyumbani ni daftari la hesabu la mtoto wa shule, lile lenye miraba. Chukua ukurasa usioandikwa, weka nukta nyeusi katikati kwa kalamu. Kama unatumia miwani ya kusomea, ivae. Shika ukurasa umbali wa sentimita 30 hivi, mahali penye mwanga, ziba jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha kazia macho ile nukta. Sasa badilisha jicho. Mistari inayozunguka nukta inyooke yote. Ikipinda, ikitetemeka, au pakiwa na doa ambapo miraba imepotea, hilo ni la kwenda hospitali wiki hii.

Lazima uzibe jicho moja moja. Jicho zima humfichia mwenzake, na hii ndiyo sababu kubwa ya watu kuchelewa: jicho moja limekufa tangu mvua za mwaka jana na mwenyewe hajui, mpaka vumbi limwingie lile jingine.

Dalili nyingine hazisubiri hata wiki. Nzi weusi wengi wanaoelea ghafla, mimweko ya mwanga gizani, pazia linaloshuka upande mmoja, au jicho lililozimika bila maumivu: safiri siku hiyo hiyo. Jicho likizimika kwa dakika chache kisha likarudi, usishukuru Mungu ukaendelea na shughuli. Huenda ni bonge la damu lililopita, na linalofuata laweza kwenda kwenye ubongo.

Sahani, moshi na taya

Wenye delta ya Tana wana bahati ya chakula. Mchicha, matembele, majani ya kunde na kisamvu vina rangi asilia ziitwazo luteini na zeaksanthini, ambazo mwili huzikusanya katikati ya retina, na huko husaidia kuchuja mwanga mkali na kuzima radikali. Mafuta kidogo kwenye mboga husaidia zifyonzwe, hivyo tui au kijiko cha samli si dhambi. Boga na embe bivu vina karotini. Samaki wa mto, kambare kwa mfano, ni bora kuliko nyama yenye mafuta kila siku. Lakini msimu wa maembe ukifika, mwenye sukari ale embe moja, tena baada ya chakula, si beseni chini ya mti.

Chai ndiyo ninayoiogopa. Katika nyumba nyingi za huku, za Waorma na Wapokomo vilevile, kikombe cha maziwa huwekwa vijiko vitatu au vinne vya sukari, na vikombe kwa siku havihesabiwi. Mtu huacha soda kwa kuambiwa na daktari, akaendelea na chai. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea. Ng'onda na samaki wengine wakavu wa chumvi waloweshwe, maji yamwagwe mara mbili kabla ya kupikwa, na chumvi ya mezani iondoke mezani.

Kuhusu vibanda vya stendi: angalia mafuta kabla ya kununua viazi karai. Yakiwa meusi, yanatoa povu na harufu kali, yamekwisha kuoza kwa oksijeni na moto wa siku nyingi. Hakuna haja ya kuongeza mzigo huo kwenye mwili unaopigana na mzigo wake.

Tumbaku, ya kuvuta na ya kutafuna, haina kipimo salama kwa mishipa hii. Kila pumzi ya sigara huingiza radikali mwilini, na mvutaji hupata ugonjwa wa katikati ya retina wa uzeeni mapema kuliko mwenzake. Miraa na muguka ni jambo lenye kelele zake. Mnamo Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walijaribu kupiga muguka marufuku, na siingii huko. Ninachosema ni kwamba majani hayo hupandisha presha na kuharakisha moyo, na usiku wa kutafuna huwa ni usiku wa soda na chai tamu pia. Mwenye presha anayetafuna anameza kidonge kwa mkono mmoja na kukifuta kwa mwingine.

Chupa za kuzuia uzee

Hapa nitakuwa mkali. Siku ya soko hakosi mtu mwenye mkoba wa chupa na vidonge vya kuondoa sumu na kurudisha macho ya ujana, na siku hizi chupa hizo huuzwa hata kwa simu, malipo kwa M-Pesa. Hoja yake inaonekana nzuri: ikiwa radikali ndizo adui, basi meza kinachozizima. Mwili haufanyi kazi hivyo. Utafiti wa taasisi ya taifa ya macho ya Marekani, uliotoa matokeo mwaka 2001 na kurudiwa kwa sura mpya mwaka 2013, ulionyesha kuwa mchanganyiko maalumu wa vitamini C, vitamini E, zinki na shaba hupunguza kasi ya ugonjwa wa katikati ya retina wa uzeeni, kwa wale waliokwisha kufikia hatua ya kati. Si kwa kila mzee. Si kwa retina iliyoharibiwa na kisukari wala na presha. Na beta-karotini iliyokuwemo mwanzoni iliondolewa na kuwekwa luteini na zeaksanthini, kwa kuwa vidonge vyake vimeonekana kuongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji. Pesa ya chupa moja inanunua vidonge vya presha vya muda mrefu, na vidonge hivyo vina ushahidi.

Matone ya macho ya dukani nayo ni ya uso wa jicho. Hayafiki kwenye mishipa ninayoizungumzia, na yale yenye steroidi, yakitumiwa ovyo, huleta glakoma na mtoto wa jicho juu ya shida uliyokuwa nayo.

Mafuriko, joto na dawa

Wakazi wa Tana hawahitaji kukumbushwa. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 na masika ya 2024 zilikata barabara na kuwahamisha watu. Dawa ya presha ikikatika wiki mbili, namba hurudi juu. Mawingu yakikusanyika, omba akiba ya mwezi mzima, itie kwenye mkebe wenye kifuniko kinachobana pamoja na kadi yako ya kliniki, na mkebe huo uwe wa kwanza kubebwa, kabla ya kuku.

Insulini ina shida yake, joto. Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji. Kwa asiye na friji kuna habari njema kutoka kwa majirani: Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za Dadaab, wakaliiga maabara kati ya nyuzi 25 na 37, na matokeo yao ya 2021 yalionyesha insulini ilihimili wiki nne bila kupoteza nguvu yake. Chini ya mabati ya Garsen mwezi wa Machi joto huweza kupita hapo, kwa hiyo tumia mtungi wa udongo: chupa ndani ya mfuko usiopitisha maji, mtungi juu ya mchanga mbichi, kivulini, penye upepo. Usiiweke dirishani wala juu ya jiko.

Safari ya kukaguliwa

Mwenye kisukari cha ukubwani akaguliwe retina siku anapoambiwa ana sukari, kisha kila mwaka hata kama anaona vizuri. Mjamzito mwenye kisukari akaguliwe miezi mitatu ya kwanza. Anzia hospitali ya rufaa ya kaunti, Hola, au Malindi kama ndiko gari linakoelekea, na upige simu kwanza kuuliza mtaalamu wa macho yupo siku gani. Ikihitajika leza au sindano, mara nyingi utapelekwa Mombasa. Kwale Eye Centre, iliyoanzishwa mwaka 1993, na Lighthouse for Christ ya Mombasa ni hospitali za macho zilizozoea wagonjwa wa pwani. Kwa kazi kubwa ya retina kuna PCEA Kikuyu, karibu na Nairobi. Uliza pia bima yako ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inalipia nini, kabla hujapanda basi la Minjila.

Usiende peke yako. Utatiwa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa herufi zitachafuka na jua litakuchoma macho. Beba kofia pana au miwani ya jua, na usiendeshe pikipiki siku hiyo. Sema wazi kwamba unataka retina ikaguliwe. Ukisema tu macho yamepungua, utapimiwa miwani na kurudishwa.

Leza huchoma sehemu zilizonyimwa damu ili ile ishara ya kuomba mishipa mipya inyamaze. Mara nyingi haikurudishii nuru uliyopoteza, hulinda iliyobaki. Sindano, ambayo dawa yake ya bei nafuu zaidi ni bevacizumab, huzuia mishipa mibovu kuota na kuvuja. Ndiyo, huingia ndani ya jicho. Jicho hutiwa ganzi kwanza, na wengi husema woga ulikuwa mkubwa kuliko maumivu.

Sindano moja haimalizi kazi. Mwanzoni huwa kila mwezi, mara tatu au zaidi, kisha daktari huongeza nafasi kadiri jicho linavyokauka. Kwa mkazi wa Garsen hiyo ni nauli, siku za kazi zilizopotea na mtu wa kukushika mkono kila mwezi, ndiyo maana wengi huona nafuu baada ya ya kwanza wakaacha. Panga pesa za safari tatu kabla hujaenda ya kwanza, na familia ijue mapema nani atakusindikiza lini. Anayeacha katikati, macho yake hurudi pale yalipokuwa, pengine chini zaidi.